Ombi la Msimu wa Pili wa Besiboli

Saint-Josse, Brussels

Kwako Baba, na kwa kikao chote,

Shikamooni. Naomba, Baba, uisome barua hii kwa sauti baada ya ibada ya Jumapili, wakiwapo wote walioketi sebuleni siku niliyoruhusiwa kuacha ualimu. Natumaini goti la Mama limepata nafuu na kwamba baridi ya Njombe haijalichokoza upya. Mimi ni mzima, ingawa viganja vimeota sugu kama vya mpasua kuni.

Mtakumbuka kwamba mlinipa msimu mmoja. Baba Mkubwa aliuliza, tena kwa haki, kama kweli duniani kuna mtu mzima anayelipwa kwa kupiga mpira kwa gongo. Leo naweza kumjibu: yupo, na analipwa kidogo. Klabu yetu iko daraja la pili, na uwezo wake ni kumlipa mgeni mmoja tu. Nililetwa kwa kazi moja, kuupiga mpira mbali. Alfajiri napanga mboga katika duka karibu na kiwanja cha Flagey mjini; jioni nafanya mazoezi.

Sasa niwaeleze jambo lililokaribia kunirudisha nyumbani.

Baba, uwanja ulioupima mwenyewe nyuma ya shule hauna uzio. Ulitufundisha kwamba mpira ukiwapita walinzi, mpigaji akimbie vituo vyote vinne bila kugeuka, kwa sababu watauokota kwenye mahindi na kuurudisha. Huku kuna uzio. Mpira ukiuvuka, hakuna wa kuurudisha. Mpigaji huzunguka vituo taratibu, akijifurahia. Kichwa changu kililijua hilo. Miguu haikulijua. Siku hiyo tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na mwenzetu Wout, mtu mnene mwenye bashasha, alikuwa kituo cha kwanza. Niliupiga mpira ukavuka uzio. Wout akanyoosha mikono juu, akawa anacheza kinyumenyume kuelekea kituo cha pili. Nami, kichwa nimekiinamisha, nikampita kama pikipiki.

Kanuni hairuhusu kumpita mwenzako aliye mbele. Pointi ya Wout ilihesabiwa, yangu ikafutwa. Ushindi uliokuwa mkononi ukageuka sare, na mwishowe tukashindwa.

Kocha hakugomba. Alisema tu kwamba klabu itafikiri upya kuhusu mwakani. Wachezaji wakabandika kwenye kabati langu kibao cha 30, kikomo cha mwendo wa magari mitaani huku. Papa Déo, kinyozi kutoka Bukavu mwenye duka lake mtaa wa Porte de Namur, ambaye huja kunishangilia ingawa mchezo wenyewe haumwingii, alinisubiri getini na Kiswahili chake cha Bukavu, ambacho ua ni lupango na harusi ni mariage.

“Mwalimu, ulikuwa unakimbia nani? Mupira ilishatoka ku lupango. Bon, ungetembea tu, sawa papa mwenye kupeleka binti yake ku mariage.”

“Ni mazoea, Papa.”

“Alors, zoea tena.”

Nikazoea. Kila baada ya mazoezi Wout alibaki nami. Yeye mbele, mimi nyuma, tukizunguka vituo kama watu wanaokagua shamba. Katika mchezo wa mwisho Wout alikuwa tena kituo cha kwanza, na mpira ukavuka tena uzio. Akageuka na kuniambia maneno niliyomfundisha mwenyewe: “Pole pole, Mwalimu.” Benchi letu zima likacheka. Nilimfuata hadi kituo cha mwisho, na sijawahi kuona njia ndefu kama ile. Tulishinda.

Kesho yake Kocha aliniambia klabu inanitaka msimu ujao, na kila Jumamosi niwafundishe watoto. Nikaomba muda niulize nyumbani.

“Kwa umri huo bado unaomba ruhusa?”

Nilimjibu kwamba ruhusa niliyo nayo ilikuwa ya msimu mmoja, nao umekwisha. Alitabasamu, akasema atasubiri.

Mnisalimie Bibi, mwombaji wetu wa kila alfajiri; Shangazi Tekla, kiongozi wa kwaya; na mdogo wangu Yusta, anayenishikia darasa langu. Baba Mkubwa mpeni heshima zangu za pekee, na neno la kwanza katika kikao awe nalo yeye.

Kalamu ya mkataba iko mezani kwa Kocha, nami sijaigusa. Ninyi ndio mlio mbele yangu, na safari hii sitawapita.

Mwanenu mtiifu,
Anselimu