Nilisema Ni Kasa

Alhamisi, baada ya Alasiri. Hakuna upepo hata wa kutikisa nguo kambani. Naandika haraka kabla sijabadili nia.

Asubuhi Ami Bakari, ndugu yake baba, alinipeleka mimi na Salma nyuma ya kisiwa, kwenye mwamba ambako kasa hula. Salma ni binti wa shangazi yangu. Kazaliwa Mombasa, kaja na miwani ya kuzamia na mrija wa kuvutia pumzi, na alitaka kumpiga kasa picha majini.

Ami anafuga chazo, yule samaki mwenye kichwa cha kuganda. Humfunga kamba nyembamba mkiani na kumwachia. Akiganda kwenye gamba la kasa, unamvuta kasa taratibu mpaka juu. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyovua. Leo ilikuwa kumtazama tu, kisha tumwache aende.

Membe, wale ndege wa baharini, hawakuwapo. Hata mmoja. Nilipotia uso majini, samaki wadogo wote walikuwa wamejibana kwenye mawe. Nikapanda mashuani bila kumwambia mtu.

Salma akabaki majini. Ami akamwachia chazo, akanipa mimi kamba, akageuka kukumba maji yaliyoingia mashuani.

Kamba ikakaza.

Kasa akishikwa hupigapiga, unamsikia mpaka kwenye viwiko. Hiki hakikupiga. Kilikwenda tu, kizito, bila haraka, kikizunguka kuelekea kwenye mrija wa Salma.

Nilijua.

Lakini mwaka juzi nilipiga kelele "papa!" kumbe gogo, na mpaka leo vijana wa ufukweni huniita Mama Papa. Nimesomeshwa kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na leo neno hilo moja sikulitoa kwa lugha yoyote.

"Umepata nini?" Ami akauliza.

"Kasa," nikasema.

Akaja akaishika kamba. Uso ukambadilika. "Huyu si kasa, mwanangu."

Akaikata kwa kisu, akapiga ubavu wa mashua kwa kasia, pa! pa! pa! mpaka Salma akainua kichwa. Tukamvuta ndani. Pale ilipokuwa miguu yake kikapita kivuli kirefu kuliko kasia, polepole.

"Mbona mwanivuta kama gunia la unga?" Salma akacheka. Hakuona kitu.

Nyumbani baba alimfokea Ami mbele yetu sote. Ami hakujitetea. "Kosa langu, nilikuwa nimegeuka." Kisha akaniinamia: "Usijitie unyonge. Kasa mkubwa huvuta vile vile. Mchu yeyote," akasema kwa lahaja yetu ya kisiwani, "mtu yeyote angekosea."

Hiyo ndiyo inayoniuma. Mikono yangu haikukosea.

Salma kawabembeleza baba na Ami mpaka wamekubali. Kesho twaenda tena, mwamba wa upande wa pili, na Ami ana chazo mwingine. Kasema kamba nishike mimi, nisije nikaingiwa na hofu ya bahari.

Ami yuko uani sasa hivi, anasuka kamba mpya. Kutoka hapa nilipo ni hatua kumi, na ninyi mnaosoma haya, ambao siwajui, nimeshawaambia kila kitu.

Nitamwambia kabla ya Magharibi. Nikishindwa, kesho Salma atatia uso majini akiamini kuna mtu juu anayemwangalia.