Pointi za Lorna

Marlys, acha unachofanya usome. Nimetoka kwa Lorna sasa hivi.

Unamjua na kadi zake za benki, kila moja kaibandika kikaratasi: hii ya chakula, hii ya mafuta. Leo kajaza nyumba wageni, anakata tiketi mbili za ndege za Alaska kwa pointi, zile benki inazokupa kila ukilipa kwa kadi, maana binti yao Kirsten anajifungua huko Alhamisi. Simu kaiweka spika tusikie sote.

Dada wa benki akamwambia, "Mama, pointi hazipo. Ulifunga kadi mwezi uliopita."

Lorna akacheka. "Niliifunga nikwepe ada ya mwaka, dola tisini na tano. Pointi ni zangu."

"Zilifutwa pamoja na kadi, mama."

Zilifutwa, Marlys. Za miaka sita. Dada karudia mara mbili, sisi sahani mkononi. Na tiketi za kununua wiki hii hawaziwezi.

Mumewe, Verlyn, hakupandisha sauti. "Jeneza la mama yangu ulinilazimisha nililipie kwa kadi hiyo. Ulisema angalau litatufikisha kwa mjukuu."

Lorna akaanza kubandua vile vikaratasi, kimoja kimoja.