Msumeno wa betri sebuleni kwa mama mkwe

Shoga, uko wapi? Nimekata meza ya mama mkwe.

Ile meza ya kulia anayoitandika vitambaa viwili! Nimeikata kwa ule msumeno wangu mpya wa betri, na mwenyewe amesimama ananitazama.

Najua, najua. Pale dukani ulinivuta mkono ukaniambia nichukue wa waya. Nikakujibu mimi si mbuzi wa kufungwa kamba. Eti fundi!

Leo nimekuja kumtengenezea rafu ya vyombo. Nilianza vizuri tu barazani, jua likanichoma, nikaona kwani nina waya mimi? Nikaingia nao sebuleni, nikalaza ubao juu ya meza, nikakata. Ubao ukakatika vizuri mpaka nikajisifu kwa sauti. Kumbe na meza inakatika huko chini.

Meza, shoga. MEZA.

Mama hata hakufoka. Alipitisha kidole kwenye ule mkato, taratibu, mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, msumeno wa waya ungefika hapa?"

Nikasema, "Hapana mama. Soketi iko barazani, ungeishia mlangoni."

"Haya. Lete hiyo betri."

Nikampa kwa mikono miwili, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Ameifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga.

Kwa hiyo cheka ukitosheka unipigie. Nina msumeno usio na waya wala betri.