Mvinyo wa Kwenu, Baba, Una Kwao

Baba yangu uliyelala Dodoma,

Nakuandikia nikiwa nimefukuzwa kazi, na sijutii.

Unakumbuka Krismasi zetu hapa Kilwa Masoko? Wewe Mgogo, fundi wa majokofu ya samaki, uliyemfuata mama, Mmwera wa Rutamba, mpaka huku pwani. Kila ulipotoka kwenu ulirudi na chupa za mvinyo mwekundu, umezizungushia mashati ndani ya begi. Majirani zetu Waislamu uliwaheshimu; chupa uliifungulia ndani, sahani zao za pilau zikiwa zimeshapelekwa. Nilipokuwa mtu mzima ukanimiminia kidogo, nikakunja uso.

"Mzito huu, baba. Unakaba ulimi."

"Usiumeze haraka. Kwetu jua kali, mvua chache, udongo wa kichanga. Zabibu inabaki ndogo, ganda nene. Mvinyo wake utakuwaje mwepesi?"

Nikaonja tena. Nikapata ladha ya zambarau zilizoiva mno, kisha ukavu fulani, kama vumbi linapoguswa na mvua ya kwanza. Ukanisimulia mnavyovuna mara mbili kwa mwaka, na bibi alivyokata vishada kabla jua halijapanda. Wavuvi walipokutania kwamba kwenu ni jangwa, ulicheka: "Jangwa gani linazaa zabibu?"

Baada ya kukuzika nilipata kazi ya kuhudumia wageni kwenye hoteli moja ya ufukweni. Meneja wa kwanza alikubali tuweke mvinyo wa kwenu, nami niliutoa pamoja na mbuzi wa kuchoma. Akaja meneja mpya.

"Wageni wakiona hii chupa watasema tunabana matumizi," akaniambia. "Mimina kwenye jagi huko huko jikoni. Wakiuliza, sema wa Afrika Kusini."

Jumamosi moja mwanamke wa makamo, mgeni kutoka Arusha, alionja akanitazama. "Dada, huu wa wapi?"

Meneja alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akikohoa.

"Wa Dodoma," nikasema. "Kwa baba yangu."

Nikaenda jikoni, nikaleta chupa, nikaiweka mbele yake. Akaisoma, akaendelea kula. Hakusifu, hakulalamika. Kesho yake meneja akanifukuza.

"Ungesema neno moja tu. Ungepoteza nini?"

"Nyumbani," nikamjibu.

Mama alikasirika. "Kwa ajili ya chupa?" Alininunia siku nzima. Jioni akajifunga kanga, akaniambia twende sokoni tukanunue sufuria kubwa. Sasa tunauza wali na samaki karibu na stendi, na wateja wakichoka kusubiri, anayesonya kuliko wao ni mama mwenyewe.

Meneja ametuma mtu: niombe radhi, nirudi. Nimekataa. Hotelini watu wanasema nina kiburi. Wacha waseme. Nakukosa sana, baba, hasa saa za kufunga kazi, ninapotaka kukusimulia mambo ya siku. Lakini sitainamisha kichwa kwa kuwa nilitaja ulikozaliwa.

Wiki hii baba mdogo alipiga simu. Anataka kung'oa mizabibu yako huko Dodoma auze viwanja.

"Wewe uko Kilwa, nani ataihudumia?" akauliza.

"Usiguse hata mmoja, baba mdogo. Mavuno yajayo nakuja mwenyewe."

Mama amesikia. Ameniwekea mkasi wa kukatia vishada juu ya begi langu.

Pumzika, baba. Shamba lina mtu.

Binti yako