Shemeji Ameandika "Are"

Rumonge, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, sabuni hazikauki.

Nilipoteza watu sita mwaka jana, siku ya soko, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Mume, watoto wanne, mama mkwe. Mimi nilikuwa Kizuka kuchukua mawese ya kutengenezea sabuni. Risasi zilipolia, wao wakapanda mashua ya Kigoma. Hawakunisubiri. Hilo sijalimeza mpaka leo.

Wako hai, kambini, ng'ambo ya ziwa. Najua kwa sababu Haruni, mdogo wa mume wangu aliyewatangulia huko, huniandikia. Amejifunza Kiingereza huko, basi barua zote ni Kiingereza, tujue amesoma. Nami sikubali kushindwa. Kila Alhamisi nampelekea mwalimu Amani, Mkongomani wa Uvira, vipande viwili vya sabuni, ananifundisha.

Barua tatu za kwanza: "The family is fine." Ya nne, iliyofika wiki iliyopita: "The family are fine."

Nilimuuliza mwalimu kama ni kosa. Akasema yote mawili yanakubalika. Watu wa kundi wakiwa kitu kimoja, "is". Kila mmoja akiwa na lake, "are".

Nikamwambia sisi hapa tunasema familia iko, basi.

"Kwenu mbuzi iko, na bwana mukubwa iko, mumoja iko, wengi iko," akacheka. "Ndiyo maana mutu akitoka hamujui, Mama Zuena."

Nilicheka naye. Nyumbani sikucheka.

Herufi mbili zimekuwa tatu. Nani kajitenga? Zuena kaolewa bila mimi? Mume wangu kapata mlango mwingine? Mwalimu anasema labda shemeji kabadilisha mwalimu tu.

Labda.

Sahani zao sita naziosha kila Jumapili, na hakuna aliyezichafua. Natamani kuwasikia wakigombania ukoko.

Haruni, uliniambia ukifika Kigoma mjini unasoma mtandaoni haya ninayoandika. Kama hukufika, nimeyanakili kwenye karatasi, yanakuja na mashua ya kesho. Mashua hiyo inarudi hapa Ijumaa, saa sita mchana, nami nitakuwa ufukweni. Salamu niwekee siku nyingine, habari za mvua ninazo. Nijibu moja: "is" au "are"?

Na kama ni "are", nitajie wote sita, kila mmoja na anapolala.