Maziwa kwenye Tairi la Abdirahim

Garissa, Jumanne

Abti yangu Nasteho, mtoto wa dada yangu,

Assalaam aleikum. Mjomba wako niko salama, na mvua imegusa Bura.

Sasa sikia habari ya kaka yako Abdirahim na pikipiki yake ya mashindano. Fundi wake mkuu ni mimi. Nikikaza cheni, mafundi wa Nairobi wanapiga picha! Jumapili lami ilifungwa, mita mia nne, watu elfu kumi, labda zaidi. Abdirahim akazungusha tairi la nyuma papo hapo mpaka likatoa moshi. Likipata moto hivyo linanata, linashika barabara. Nikamwambia, "Abti, leo hata swala hakufikii!"

Kisha nikafanya kama alivyofanya babu yako kabla ya kila safari: nikanyunyiza maziwa ya ngamia, ya baraka. Juu ya lile tairi, abti. Yeye alikuwa ameinama, hakuona.

Taa ilipowaka kijani, pikipiki iliteleza, akavunjika mkono. Usiogope, umefungwa vizuri, na kwa kula pilau bado ananishinda.

Lakini anasema aliachia klachi vibaya, kwamba hajui tena kuendesha, na pikipiki anaiuza. Mimi kila siku nakaa kando ya kitanda chake namsimulia simba niliyemfukuza kule Ifo. La maziwa halitoki mdomoni.

Ukipata barua hii, mpigie. Mwambie hakukosea kitu, ni mimi. Nimekuandikia maana kwa simu ningekudanganya. Akitaka kunigombeza, niko nje ya mlango wake, nangoja aniite.

Akupendaye,
Mahat