Kanda ya Mama Mdogo

Shoga, nimekwisha! Nimekwisha kabisa!

Si unajua ninavyosaka nyimbo za zamani za polepole, nizikimbize kwa kompyuta ziwe za kudansi? Leo nimeokota kanda kabatini kwa mama mdogo. Mwanamke analilia mapenzi, sauti asali! Nikaikimbiza, nikaifungulia sebuleni. Baba mdogo kacheza mpaka kiatu kikamtoka.

Mama mdogo akanikokota jikoni: "Zima! Huyo ni mimi, namwimbia mchumba wangu wa kwanza!"

MIMI, anasema! Mimi!

Narudi sebuleni, baba mdogo anahema: "Mwanangu, hebu irudishe mwendo wake wa kawaida. Sauti hiyo kama naijua."

Nikamwambia kompyuta haina gia ya rivasi.

Kaniamini! Sasa anataka iwe mlio wa simu yake.